Sauti Yako Inauza Raba

Zakayo, rafiki yangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi. Hali yako naijua. Nilisafiri na sanduku lako kwa treni kutoka hapa Nakuru mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu mpaka kwenu Maragoli nilikaa nyuma ya lori nimelishika kwa mikono miwili. Tukakuteremsha kaburini mimi na shemeji zako, na kamba yangu haikuteleza. Ya wale wengine iliteleza kidogo ukainama upande wa kichwa. Hao utaongea nao mwenyewe.

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemlipa karani. Ulikuwa unanicheka ati herufi zangu zimekaa kama mifugo iliyofunguliwa bomani. Haya, mifugo hiyo leo imefika mpaka kwako. Mwalimu wa darasa la ubatizo alisema hajawahi kuona mtu mzima anayebonyeza penseli kwa nguvu kama mimi, na nilikubali sifa hiyo.

Barua hii haipiti posta. Siku hizi za Hali ya Hatari, barua inafunguliwa na watu ambao haikuwaita. Mkeo Dorika ataibeba Krismasi akienda nyumbani, na ataizika upande wa kichwa chako. Nimemwambia asiisome. Amesema hawezi kuapa. Basi Dorika, kama unasoma, ruka pale ninapokusifu, usije ukajiona.

Sasa sikiliza, Zakayo. Una habari kwamba unauza raba?

Sifanyi mzaha. Raba zile za kiwandani, za kitambaa, nyeupe kama meno ya mtoto. Unaziuza katika duka la Ramji, upande wa pili wa barabara, mbele ya macho yangu. Unaziuza kila siku, na Jumamosi za mwisho wa mwezi unaziuza zaidi.

Nilikuwa nimekaa mahali petu, mgongo ukutani, tairi la lori katikati ya magoti, nakata wayo wa akala, ndara zetu za tairi. Ramji alikuwa ametundika spika juu ya mlango wake, ile yenye mdomo kama ua la boga, na mchana kutwa ilikuwa ikipiga gitaa za watu wasiojulikana. Nilikuwa nimeshaizoea, kama mtu anavyozoea nzi. Halafu gitaa moja likaanza, na mtu akakohoa kidogo, na yule mtu akasema, "Njooni mwone!"

Kisu kilinitoka mkononi. Mimi si mwoga, unajua. Chui wa kule Kuresoi nilimtazama mpaka akaondoka yeye. Lakini siku ile niliinuka na nusu ya akala mkononi, nikavuka barabara bila kutazama, motokaa ya mzungu ikanipigia honi mpaka ikachoka. Nilidhani uko mle dukani. Zakayo, nitakuambia ukweli, niliingia nikatazama nyuma ya marobota ya nguo.

Ulikuwa kwenye sahani. Sahani nyeusi inazunguka, sindano imekaa juu yake, na wewe unaimba:

*Fundi wangu ni mkali, njooni mwone,*
*Ana kiatu hauzi, njooni mwone.*

Na watu wamesimama mlangoni wanatikisa vichwa, na Ramji anawashikisha raba.

Nilikuambia. Nilikuambia mapema na nitaendelea kukuambia, hata kama wewe sasa huna la kujibu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Unakumbuka yule bwana wa tai aliyekuja kutoka Nairobi na gari lenye mitambo? Alitukuta sokoni siku ya mishahara, umati umetuzunguka kama harusi. Wewe una fimbo yako begani, jozi za akala zinaning'inia kama samaki, unaimba sifa zake. Mimi nimekaa kwenye kisanduku changu nakukataza.

Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yetu, na hakuna mtu Nakuru nzima aliyekuwa nayo. Wengine wote walibembeleza wateja. Sisi tuliwafukuza.

"Akala hii imevaliwa na mtu wa Molo," unaimba, "amechuma maua ya pareto mvua na jua, tairi halijajua kama limetoka kwenye gari!"

"Rudisha hiyo!" napiga kelele. "Nani amekuruhusu kuishika? Haiuzwi!"

"Fundi, huyu mama ana shilingi mkononi!"

"Shilingi yake ni yake! Amwambie mumewe amnunulie kiatu cha kuendea kanisani! Mguu huu haujafika daraja la akala yangu!"

"Mama, umesikia? Ati mguu wako!"

Na yule mama anatoa mguu mbele ya watu wote. "Mguu wangu una nini? Wewe mzee mwenye masikio kama ya punda, pima mguu!" Watu wanakufa kwa kicheko, na mimi napima huku nimenuna, na tayari amenunua. Hakuna aliyewahi kutuomba tupunguze bei. Mtu anawezaje kuomba apunguziwe kitu ambacho ananyimwa?

Yule bwana wa tai alitaka kutuingiza sote wawili kwenye mtambo wake. Mimi nilikataa, na sababu zangu nilizitoa wazi. Kwanza, mtu akikutaka sauti, muulize anaitaka ya nini, na yeye hakusema. Alisema tu, "Mtasikika mpaka Kampala." Kampala nina deni gani nako? Pili, hakutaka useme akala. Alisema watu wa mbali hawazijui, sema kiatu. Nikakuvuta pembeni, nikakwambia, "Zakayo, mtu akikubadilishia neno moja kwenye kazi yako, ameshabeba duka zima." Ukacheka. Ukaniambia, "Fundi, wewe hata jua likichomoza unauliza nani amelituma."

Ukaenda peke yako. Ukarudi na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, ndilo lipo hapo ulipo sasa, na ukasema ilikuwa kazi rahisi, unaimba ndani ya kitu kama chujio la chai la chuma, basi. Nikauliza, "Na pale ninapokukataza, nani alikukataza?" Ukasema, "Pale gitaa lilipiga peke yake." Nikasema, "Basi umeimba nusu." Ukasema nusu yako ndiyo tamu. Tukanuniana mpaka jioni.

Haya. Nilikuwa sahihi au sikuwa sahihi? Nilikuwa sahihi. Neno kiatu limewafungulia mlango. Kama ungesema akala, Ramji angekuweka wapi? Angekurudisha kwa aliyemuuzia. Lakini kiatu ni kiatu, hata raba ni kiatu, na sasa fundi mkali unayemwimba, watu wa mashambani wanadhani ni yule mzungu aliyechorwa kwenye boksi la raba.

Nilimwambia Ramji, "Zima huyo mtu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mtu yupi, mzee?"

"Huyo ni Zakayo. Amekufa. Ni mwenzangu wa kazi."

"Pole sana," akasema, na nadhani alimaanisha, lakini sindano hakuiinua. "Mzee, mimi nimenunua sahani. Sahani ni yangu, sindano ni yangu, stima nalipia mwenyewe. Mtu aliyeimba sikumnunua."

"Kama hukumnunua, mbona anakufanyia kazi?"

Hapo alifunga kamba za raba aliyoshika. Kisha akasema, "Hilo waulize waliomchukua sauti, si mimi." Na akamgeukia mteja. Ona ujanja huo. Siku hizi hakuna mwenye kosa. Ukimuuliza wa duka, anakuelekeza kwa wa kiwanda, wa kiwanda anakuelekeza kwa wa meli, na wa meli yuko baharini.

Ndiyo dunia uliyotuachia, bwana. Kwenye ukumbi wa wafanyakazi wameleta redio kubwa kama kabati. Kila mtu anasema, "Redio imesema." Nilikwenda kuisikiliza niijue. Ilisema kutakuwa na mvua, nikaiuliza wapi, ikaendelea na habari za ng'ombe wa maonyesho. Mtu ambaye unamuuliza yeye anaendelea tu, nyumbani kwetu tulikuwa tunamwita mgonjwa. Na tena lilikuja lile gari la sinema kwenye uwanja wa mpira, likatuonyesha mwanamke anafua shati kwa sabuni. Shati jeusi kama mkaa, akalitia majini, akalitoa jeupe. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama nikauliza, "Na lile la kwanza liko wapi?" Wakaniambia kaa chini mzee. Lakini hakuna aliyejibu. Kesho yake Nakuru nzima ilikuwa inanuka sabuni hiyo.

Na raba yenyewe. Nimeipasua moja nikaitazama ndani, maana mimi sisemi kitu nisichokijua. Ni kitambaa na gundi. Ikikutana na tope la Molo, inafungua mdomo kabla ya maharagwe kuiva shambani. Lakini hapo ndipo penye akili yao, na nimeifikiria sana. Raba ikifa, mtu anarudi kununua nyingine. Akala yangu haifi. Niliyemvisha mwaka ule tuliokutana bado anaivaa, ananipita barabarani ananisalimia vizuri sana, na senti yake siioni tena. Wewe uliliona hilo mapema. Ulisema, "Fundi, unaiua biashara kwa uhodari wako." Nilidhani unanisifu. Nilitembea nikijisikia wiki nzima.

Sasa turudi kwenye habari yetu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mishahara. Watu wa reli wametoka, wa mashamba ya ngano ya Njoro wameshuka, wa Molo wamekuja juu ya malori ya viazi. Si wengi kama zamani. Wateja wetu wengine waliondolewa na hii Hali ya Hatari, wewe unajua ni akina nani na unajua jinsi walivyoondoka, na hilo siliandiki. Lakini walikuwepo watu. Na wote walikuwa kwa Ramji. Mimi peke yangu, na fimbo yako imesimama ukutani, na akala zimening'inia hazina wa kuzisemea. Kuimba siwezi. Sauti yangu ni ya kukataza tu.

Ramji akakupiga.

*Fundi wangu ni mkali, njooni mwone.*
*Ana kiatu hauzi, njooni mwone.*

Halafu gitaa likabaki peke yake. Pale. Zakayo, mahali pale pale, kama mlango ulioachwa wazi. Na mimi sikupanga, nakuapia. Mdomo wangu wenyewe ulifunguka, nikapiga kelele kutoka upande huu wa barabara:

"Sitaki kuonwa! Nendeni kwenu!"

Watu wakageuka.

Ukaendelea: *Nani alivaa hiki akarudi kulia?*

"Alirudi kuleta ndugu yake! Na ndugu yake nilimfukuza!"

Kicheko kikaanza pembeni, kama moto wa nyasi. Mtu mmoja wa Molo, pandikizi la mtu lenye kofia ya sufi, akavuka barabara. "Mzee, wewe ndiye fundi wa kwenye sahani?"

"Na wewe ndiye nani wa kuniuliza?"

"Nataka kuona hicho kiatu ambacho hauzi."

"Basi umeshakiona. Rudi kwa Ramji ukavae kitambaa cha kufutia vyombo!"

Alichukua jozi. Nyuma yake wakaja wengine. Ramji alipoona hivyo akakupiga tena, akidhani watarudi, na mimi nikajibu tena, nikaongeza na matusi mapya, yale mazuri uliyokuwa unasema niyaweke akiba. Kufika alasiri fimbo yako ilikuwa tupu. Tupu! Nilikata hadi tairi ambalo nilikuwa nakalia. Nataka uweke akilini kwamba katika mji huu mtu mmoja amefanya kazi na marehemu, akamshinda mtu mwenye spika, na mtu huyo ni mimi.

Jumatatu Ramji hakukupiga. Jumanne hakukupiga. Alipiga gitaa za watu wengine. Nilimwona ananitazama juu ya miwani yake, nikamtazama na mimi. Nilikuwa nimemzima. Niliwaambia watu wote. Niliwaambia hotelini kwenye chai, nikawaambia kanisani baada ya ibada, hata mzee wa kanisa nilimwambia ingawa alikuwa anahesabu sadaka. Raba sasa zinajiuza zenyewe kama zinaweza, na Zakayo amepumzika. Ndivyo nilivyosema. Amepumzika.

Halafu akaja Dorika.

Alikuja mahali pangu akasimama. Hakusalimu. Wewe unamjua Dorika, mtu wa salamu ndefu, anauliza mpaka afya ya kuku. Alisimama amefunga leso kichwani, kikapu hakina kitu. Nikasema, "Karibu, shemeji, kaa." Hakukaa.

Akasema, "Baba Rasoa, umemzima."

Nikajipiga kifua kabisa. Mjinga mimi, nilidhani amekuja kunishukuru. Nikasema, "Nimemzima! Hatamtumikia tena mtu!"

Akasema, "Nilikuwa namsikiliza."

Basi tu. Akaniambia kidogo kidogo, huku anatazama barabara badala ya kunitazama mimi. Kwamba kila Jumamosi alikuwa anakwenda kwa Ramji na kusimama kwenye vitambaa, anashika hiki anashika kile, mpaka wewe uimbe. Kwamba Ramji alikuwa amemjua, na hakumwuliza hata mara moja kama ananunua. Kwamba kule kwenye nyumba za reli, zile za safu moja, wameshampa notisi, wewe uliyekuwa mfanyakazi wao hupo tena na nyumba ni ya mfanyakazi, na Krismasi akienda nyumbani harudi tena. Alikuwa anajiwekea, akasema. Alikuwa anasikiliza kidogo kidogo ili aende nawe.

"Na wewe," akasema, "ulipojibu Jumamosi ile, nilicheka. Sijacheka tangu kichomi kilipomshika. Nilidhani mtakuwa mnafanya hivyo. Kumbe ulikuwa unapigana."

Niliinamisha kichwa. Unaweza kuamini? Mimi. Nilichukua kisu nikaanza kukinoa, na kilikuwa kimeshanolewa.

Sasa, kuomba mimi siwezi. Baba yangu hakuweza, na babu yangu alihama kijiji kwa sababu hiyo. Tena kumwomba Ramji, mtu niliyetangaza mpaka kanisani kwamba nimemshinda! Nilikaa na jambo hilo. Nilijiambia, huyu Ramji amepanga, amemtuma Dorika. Nikajiambia hapana, hata kwangu mimi hilo ni kubwa mno. Lakini nililichunguza kwanza.

Nilichofanya ni hiki. Ramji ana miguu mibaya, imevimba, mchana kutwa amesimama kwenye sakafu ya simenti na zile ndara zake za ngozi zilizokwisha. Nilikuwa nimeitazama miguu hiyo kutoka ng'ambo ya barabara muda mrefu kwa ubaya, namna unavyotazama mguu wa adui, na kwa hiyo nilikuwa naijua. Nilichagua tairi zuri, sehemu ya katikati, si ya pembeni. Nikalikata pana mbele, mikanda nikaitoa kwenye tyubu laini, misumari nikaifukia isimguse. Jumamosi nikavua aproni, nikamwambia Dorika twende.

Dukani niliweka zile akala mezani. 

Ramji akazitazama. Akanitazama. Akamtazama Dorika aliyesimama kwenye vitambaa. "Hizi ni bei gani?"

"Haziuzwi," nikasema.

Zakayo, yule mtu alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mzee, wewe ni mtu mgumu sana." Kisha akavua ndara zake pale pale nyuma ya meza, akaingiza miguu, akapiga hatua mbili tatu, na akatazama vidole vyake namna watu wanavyovitazama wanapovaa kazi yangu. Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Aliinama chini ya meza, akakutoa kwenye bahasha yako ya karatasi, akakufuta kwa kiganja, akakuweka. Akachomoa ile waya ya spika ya nje. Akasema, "Leo sikilizeni ya ndani. Ya nje inakula maneno."

Ukaanza. Ukakohoa kile kikohozi chako. *Fundi wangu ni mkali, njooni mwone.* Dorika alikuwa ameshika kitambaa cha bluu. *Ana kiatu hauzi, njooni mwone.*

Na pale likaja lile pengo langu, gitaa likabaki peke yake, na sikujibu. Nikawa nasikiliza tu.

Ulicheka.

Kidogo sana. Barabarani kicheko hicho hakisikiki, kelele zinakifunika. Lakini mle ndani kilisikika. Hakuna aliyekuwa amesema kitu, ulikuwa peke yako na chujio lako la chai la chuma na wageni wa Nairobi, gitaa linapiga, na wewe ulicheka kile kicheko cha puani ulichokuwa unacheka nikishakutukana. Halafu ukaendelea, *Nani alivaa hiki*, na sauti bado ina kicheko ndani yake.

Ulinisikia. Sikuwepo, na ulinisikia.

Nilimwambia Ramji airudishe nyuma. Akairudisha. Ukacheka tena, pale pale. Nilitaka kuwa na mashaka. Nilijiambia huenda ni mpiga gitaa. Dorika akasema, "Ni yeye, Baba Rasoa. Acha." Nikaacha. Andika hilo mahali, kwamba siku moja niliacha.

Basi mambo yako hivi sasa. Jumamosi Ramji anakupiga, spika nje, na mimi najibu. Raba zinauzika na akala zinauzika, kwa sababu watu wanakuja kusikia ugomvi, na wakishakuja wana miguu. Ramji anasema hiyo ndiyo biashara. Mimi nasema huyu Mhindi ana jambo, haiwezekani mtu afurahi akimwona mwenzake anauza, na bado namchunguza. Lakini anavaa akala dukani kwake mwenyewe huku anauza raba, na hiyo mimi naiona kama ushindi, sijui wewe unaionaje. Dorika anakuja na kiti chake kidogo. Hajifanyi tena kutazama vitambaa.

Sahani inachakaa, nisikufiche. Sindano inakula. Juzi kwenye *kulia* pamekwaruza, ukawa kama mtu aliyemeza mfupa. Ramji anasema sahani hizi ndivyo zilivyo, na za kwako Nairobi hawana tena. Nilimwuliza kwa nini wasitengeneze kwa tairi. Alikuna kidevu, nikajua amelifikiria.

Penseli imekwisha na mkono unauma. Nimebonyeza sana.

Lala, Zakayo. Lala na koti lako, na kama vifungo vya shaba vimeanza kuota kijani usiseme sikukwambia. Dorika atakuja Krismasi, yeye atakueleza mengine kwa uongo wake mtamu. Mimi nabaki hapa ukutani. Kila Jumamosi utakapoita nitakukataza, na matusi mapya ninayo, sitayarudia ya zamani. Na siku sindano itakapokula yote, gitaa na kikohozi na wewe, nitakaa mahali pangu saa ile ile nikatae tu, hata kama hakuna aliyeita. Watu watasema mzee amerukwa na akili, anamjibu nani?

Wewe cheka pale.

Mimi rafiki yako ambaye hauzi,

Baba Rasoa, fundi wa akala, Nakuru